Kisanduku Kinachomtazama Mwimbaji

Koku mwanangu,

Habari za sanduku lako, za chakula cha njiani na za kutokukubali kushikiwa mzigo na mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia mara nne, na mara ya tano atakuambia kesho kituoni mbele ya watu. Mimi sitaongeza. Ningependa kuongea nawe kwa mdomo, lakini wewe na mimi tukikaa pamoja tunaishia kuzungumzia waya na fyuzi, halafu mmoja wetu anainuka kutafuta bisibisi. Ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Yule bwana wa Mwanza alipokuja kwenye harusi ya Kayanga akakukuta umeketi nyuma ya miksa unachanganya sauti, alinivuta pembeni akaniuliza, "Fundi, huyu binti ni nani?" Nikamjibu, "Huyo ndiye fundi. Mimi nabeba waya." Nilisema kwa utani, ila kichwa kilinivimba siku tatu. Sasa amekuita, na kazi ya kwanza anayokupa ni kumchagulia monita na sabufa za kwaya anayozunguka nayo. Si kazi ndogo. Vyombo vikishanunuliwa, watu wataimbia hivyo hivyo miaka kumi, viwe vizuri au vibaya. Lakini unaiweza. Sisemi hivyo kwa sababu wewe ni mwanangu. Nasema kwa sababu nimekaa miaka mingi nikitafuta makosa kwenye kazi yako, na unajua ninavyopenda kutafuta makosa ya wenzangu. Nyani haoni kundule. Leo nataka nigeuke nilitazame langu, na nitalisema lote, hata kama nitachelewa kufika penyewe.

Unajua nilivyoanza. Mwaka wa vita askari walipiga kambi karibu na kwetu, na fundi wao wa redio, mtu mpole wa kutoka kusini, alinifundisha kulehemu. Walipoondoka nikafungua kibanda hapa Bugene nikawa natengeneza redio za watu. Kutoka redio nikaenda kwenye amplifaya, kutoka amplifaya nikapata vile vipaza sauti vya mdomo mpana, na kabla sijajua vizuri ninachofanya nilikuwa naitwa Fundi Mziki kuanzia hapa mpaka Isingiro.

Wewe umekuta mambo yamebadilika, kwa hiyo acha nikueleze wateja wa siku zile. Hakuna aliyeniuliza kama sauti ni safi. Walikuja, tukasalimiana, tukaulizana hali ya kahawa na ya migomba, kisha mtu anashusha sauti kama anayeulizia dawa: "Waitu, ndugu yangu, huo mziki wako utasikika hadi kilima gani?" Hilo ndilo lilikuwa swali. Baba akiozesha binti kule Ndama na mziki ukasikika ng'ambo ya bonde, wiki nzima alitembea akipokea pongezi. Usiposikika, watu wa ng'ambo walimkuta gulioni wakamwambia, "Kumbe uliozesha? Mbona sisi hatukusikia kitu?" Ilikuwa aibu kubwa, na mimi ndiye niliyekuwa nawakinga watu na aibu hiyo. Nilipanda mwenyewe juu ya mti mrefu kuliko yote uwanjani, kamba kiunoni, nikafunga vipaza sauti vinne vikitazama vilima vinne. Kila mdomo ulitazama nje. Hakuna hata mmoja uliomtazama aliyekuwa anaimba, na sikuwahi kuliona hilo kuwa kasoro.

Mama yako wakati huo ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo katika kwaya ya usharika wetu. Hili unalijua kama habari tu, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Mimi nililiona kwa macho. Kwaya yao haikuwa na gitaa wala kinanda. Walisimama nusu duara, bega kwa bega, yeye katikati, na alipovuta pumzi wote walivuta. Walisikilizana kwa karibu hivyo. Aliweza kuanza wimbo bila kupewa sauti na mtu yeyote, na wakifika ubeti wa nne walikuwa pale pale walipoanzia, hawajapanda hawajashuka. Mimi nimepima vyombo vingi na sijaona kipimo cha namna ile. Nilimuoa kwa ajili ya sauti ile, ukitaka kujua. Yeye anasema nilimuoa kwa ajili ya matoke ya mama yake.

Basi kwaya ikaenda Bukoba kuimba, na aliporudi nilimkuta jikoni anamenya ndizi, ana hamu ya kuzungumza.

"Baba Koku," akaniambia, "kule waimbaji wamewekewa kisanduku miguuni. Kimelala chali kidogo, kinawatazama wao."

"Kinawatazama cha nini? Si wao ndio wanaoimba?"

"Ili wajisikie."

"Mtu hasikii sauti yake? Imo kinywani mwake!"

"Tukiwa mbele ya mziki wako hatujisikii. Mimi naimba kwa kukisia. Kahawa ikiuzwa, tuanze na kisanduku hicho."

Nami, kwa kuwa nilikuwa fundi na yeye ni mwimbaji tu, nikamuuliza, "Kisanduku kinachotazama nyuma kinasikika hadi kilima gani?"

Akacheka. Nilikuwa najua kumchekesha. Akainama akaendelea na ndizi zake, na mimi nikaenda zangu nikiwa nimeshinda. Mwanangu, nimeshinda mabishano mengi katika ndoa yangu, na hilo ndilo ninalotamani ningelishindwa.

Kahawa ilipouzwa, kahawa tuliyoichuma wote wawili, sikuanza na kisanduku. Ulikuwa wakati wa uhaba, sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni sembuse spika, na mfanyabiashara mmoja wa Bukoba aliniletea habari kwamba amepata spika mbili za besi, inchi kumi na nane kila moja. Inchi kumi na nane! Sikulala. Nilizileta nyumbani nimezifunga kwa blanketi. Nikatengeneza mwenyewe masanduku ya kuzitia, makubwa kama kabati la nguo, nikayapaka rangi nyeusi. Siku ya kuyajaribu kuku wa jirani walikimbilia mgombani, na vikombe vya mama yako vikatembea vyenyewe kabatini mpaka kimoja kikaanguka.

"Umeisikia hiyo?" nikamuuliza.

"Nimeisikia kwa tumbo," akasema, akaenda kuokota vipande.

Hapa nisimame kidogo nizungumze na fundi mwenzangu. Ukifika Mwanza, muuzaji atakupeleka kwenye chumba kilichojaa masanduku, atawasha kanda aliyoichagua yeye, yenye ngoma nzito, na sakafu itatetemeka. Kila mtu chumbani atatabasamu. Wewe usitabasamu bado. Kutetemesha sakafu ni rahisi, hata lori tupu linaweza. Mwombe mpiga gitaa la besi ashuke noti moja moja, taratibu, kutoka juu hadi chini kabisa. Sabufa nzuri itakupa kila noti na uzito wake, utaitambua hii ni ipi na ile ni ipi. Mbaya ina noti moja tu ndani yake: mpigaji apige anachotaka, yenyewe inajibu *bu, bu, bu*. Zangu za inchi kumi na nane zilikuwa hivyo. Mbao nilizotumia zilikuwa nyembamba, sanduku lenyewe ndilo lililokuwa linaimba. Ligonge ubavuni kwa kifundo cha kidole kabla hujauliza habari nyingine yoyote. Likilia kama debe tupu, liache. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, nami nilitengeneza mawili nikayapaka rangi.

Inchi zisikutie wazimu pia. Sabufa mbili za inchi kumi na tano zilizotengenezwa na mtu mwenye subira, ukaziweka chini ardhini na zikakaa pamoja, zitakupa besi nzuri kuliko kubwa mbili zilizotenganishwa huku na huku. Mimi nilizitenga, moja kila upande kama nguzo za lango, kwa sababu zilipendeza machoni. Waliokaa katikati walipigwa kifuani, na waliokaa hatua kumi pembeni walidhani nimezima. Halafu angalia amplifaya. Watu wataogopa kubwa kwamba itaunguza spika. Waambie ndogo inayolazimishwa kupiga kelele huunguza spika nyingi kuliko kubwa inayofanya kazi imetulia. Na kama mtatumia jenereta, kumbuka besi inakula sana. Zangu zilikuwa kila ngoma ikipigwa taa za harusini zinakonyeza, na watu walidhani ni mapambo.

Nirudi nilikokuwa. Ilipangwa siku ya kwaya za sharika kukutana Ndama, uwanjani. Niliombwa vyombo, na kwa mara ya kwanza nikapeleka yale masanduku mawili. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ulikaa mbele kwenye majani na watoto wenzako. Ng'ambo ya uwanja palikuwa na ghala la kahawa lenye ukuta mrefu mtupu. Nilifunga vipaza sauti juu, viwili vikilielekea ghala, maana nyuma ya ghala ndiko kulikokuwa na kilima ambacho mwenyeji wetu alitaka kisikie. Masanduku ya besi niliyapanga mbele ya jukwaa la waimbaji, migongo yakiwa yamewapa wao. Na kwa kuwa nilikuwa na maiki mbili tu, nikawaambia wanakwaya waache nusu duara yao wasimame mstari mmoja ulionyooka, kama askari, ili maiki ziwafikie. Mama yako akanitazama. Akasema, "Tukikaa hivi hatutasikiana." Nikamwambia vyombo vitawafanya wasikiane.

Wakati huo kijana mmoja wa ngoma alikuwa ameongezwa kwenye kwaya, na ngoma yake ilipita kwenye masanduku yangu. Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri. Kisha ngoma ikaingia, na pale waliposimama pakawa pamejaa mngurumo mtupu. Mama yako hakusikia tena wenzake wala koo lake mwenyewe. Sauti pekee iliyomfikia ilikuwa yake iliyotoka juu mtini, ikaenda ikagonga ukuta wa ghala, ikarudi imechelewa. Naye akaishika hiyo, maana mtu anayezama hushika chochote. Akaanza kuingoja. Kila alipoingoja alichelewa, na alipochelewa yenyewe ikarudi imechelewa zaidi. Nusu ya kwaya ikamfuata yeye, nusu ikaifuata ngoma. Akapandisha sauti ili ajisikie, na alipopandisha akatoka kwenye wimbo kabisa. Koku, watu walicheka. Walioanza ni watoto, wakafuatia na watu wazima. Akanyamaza katikati ya ubeti, akasimama pale mikono imemning'inia, na wengine wakamaliza wimbo wanavyojua.

Nilikuwa nimesimama kwenye amplifaya, hatua tano kutoka kwake. Nilijua. Sikujua kwa maneno ninayotumia leo, ya monita na mwangwi, lakini nilijua kwamba mwanamke niliyemsikia miaka yote hiyo hawezi kupotea mwenyewe, na kwamba kilichobadilika siku hiyo ni kimoja tu, vyombo vyangu. Ta Laurenti, mwenyekiti wa kwaya, akaja akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, ni vyombo?" Kando yake walikuwa wamesimama wazee wawili waliotaka kunipa harusi za watoto wao. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Pale wazee walikuwepo, na neno nililiharibu mimi. Nikasema, "Vyombo viko sawa kabisa. Labda koo."

Labda koo. Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Mama yako alikuwa anashuka, akanisikia.

Wiki iliyofuata akamwambia Ta Laurenti kwamba amechoka, awapishe wengine. Watu wakaanza kusema koo lake limeharibika, wengine wakasema limeingiwa na ugonjwa, wengine wakasema halikuwa zuri tangu mwanzo, ni sifa tu. Sikumsahihisha mtu. Nyumbani aliendelea kuimba akipalilia maharage, na nilipotokea kwenye njia ya mgombani alinyamaza. Miaka kumi na mbili, Koku. Nimejifunza kukohoa nikiwa mbali ili asidhani namnyemelea.

Na kuna la pili, ambalo ni lako. Ulipokuwa darasa la tano mwalimu alikuchagua kwenye kwaya ya shule. Ukarudi nyumbani ukaniambia umekataa. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Wenzangu wananiita mtoto wa aliyepotea. Na ni kweli, kwetu hatuna koo." Ulisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesema kwetu hatuna ng'ombe. Nilikuwa na chuma cha kulehemu mkononi. Nikarudi kwenye redio niliyokuwa natengeneza, na jioni hiyo hiyo ukaja kukaa nami ukaniuliza waya mwekundu unakwenda wapi. Nilifurahi kupata mwanafunzi, wala sikujiuliza nimempataje. Tangu siku hiyo umekuwa nyuma ya miksa, umewatengenezea sauti nzuri watu wote wa wilaya hii, na sijakusikia ukiimba hata kanisani. Unasogeza midomo tu. Baba huona.

Nilijifunza kweli yenyewe baadaye sana. Bendi moja ya mbali iliharibikiwa gari Kayanga, wakaniita niwatazamie amplifaya. Nilipomaliza, kiongozi wao akaniambia nipande nihesabu moja mbili kwenye maiki. Miguuni pangu palikuwa na kisanduku kimelala chali kidogo, kinanitazama. Nikasema "moja," na sauti yangu ikanijia usoni, nzima, saa ile ile niliyoitoa. Nikasema "mbili." Nikaendelea. Yule kiongozi akacheka: "Fundi, tulisema moja mbili tu, wewe umefika ishirini." Nilikuwa nimefanya kazi ya sauti miaka yote hiyo na sikuwahi hata siku moja kusimama mahali anaposimama mwimbaji.

Nikapima kile kisanduku kwa kamba, nikarudi nikatengeneza mfano wake. Nilipokileta nyumbani nilikiweka mlangoni bila kusema. Mama yako akakitazama, akakigusa kwa mguu. "Ndicho hiki," akasema, akarudi kwenye maharage. Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikaanza kumweleza habari za upana wa mbao.

Kwa hiyo unapoingia kwenye chumba kile cha masanduku, anza na monita, kile kisanduku cha mama yako, sabufa zifuate. Bosi wako atataka kuanza na besi kwa sababu besi ndiyo inayoonekana. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie. Chukua maiki watakayotumia waimbaji, simama nyuma yake kama mwimbaji, kisogo cha maiki kiitazame monita, kisha ongeza sauti polepole mpaka ianze kupiga mluzi. Inayochelewa kupiga mluzi na bado unasikia kila silabi ya maneno yako, hiyo ndiyo. Usiichague kwa wimbo wa kanda. Zungumza, kohoa, soma hata tangazo la ukutani. Besi usiipitishe humo, mwimbaji haihitaji, anahitaji koo lake na la jirani yake. Na ukishawapangia, usiwanyooshe mstari kama askari. Waulize wao wamezoea kusimamaje, halafu wewe na maiki zako ndio mhangaike.

Watu wa hapa wanasema mziki wa Fundi ni mtamu, waimbaji hawapotei. Wewe mwenyewe umelikariri neno langu, mwimbaji kwanza, na nimekusikia ukimwambia yule bwana wa Mwanza kwamba baba yako ndiye aliyekufundisha. Si hekima yangu. Ni ya mama yako, aliisema jikoni ana kisu cha ndizi mkononi, nami nikamcheka. Ukiulizwa tena, mtaje yeye.

Leo alasiri, ulipokwenda kuwaaga ndugu zetu wa Isingiro, nilimkuta mama yako anapiga pasi gauni lako. Nikakaa. Nikamwambia yote, tangu ukuta wa ghala hadi lile neno "labda koo". Hakuacha kupiga pasi. Nilipomaliza akapulizia makaa, akasema, "Nilijua siku ile ile, kabla sijashuka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeonekana mwongo mbele ya wateja wako. Nikasubiri useme mwenyewe." Akaligeuza gauni. "Nikasubiri mpaka nikasahau kwamba nasubiri."

Nikamwomba anisamehe. Nami nililia, nakuambia ujue, nililia nimekaa kwenye kigoda kile cha jikoni. Akasema, "Mimi nimekwisha kukusamehe zamani, ningeishije nawe? Lakini mtoto anaondoka kesho akiamini kwao hakuna koo. Hilo mtoe wewe. Uliliingiza wewe."

Nikamuuliza, "Na kwaya?"

"Kwaya muulize Mungu wako," akasema, na hapo nikajua jibu, kwa sababu kosa lililofanyika mbele ya watu halitubiwi jikoni.

Nimekwenda kwa Ta Laurenti. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini bado ni mwenyekiti. Nimemwomba nafasi Jumapili baada ya matangazo. Akaniuliza tangazo lenyewe linahusu nini, nikamwambia linahusu vyombo. Nitasimama mbele, bila maiki, niseme kwamba siku ile ya Ndama vyombo havikuwa sawa na mimi nilijua. Wazee wale wawili bado wako hai, watakuwa kwenye mabenchi yao. Pengine kuna watakaonicheka, na pengine mtu ataenda kukodi mziki kwingine. Sina hofu. Kazi yangu ni nzuri na itasimama, na isiposimama, wewe utakuwa unaifanya vizuri zaidi mahali pengine. Mama yako sijui kama atarudi kuimba. Usimuulize, wala kesho kituoni usimwombe. Hilo ni lake.

Siku hiyo wewe utakuwa Mwanza, na habari zitakufikia, maana watu wetu hawajui kukaa na neno. Sikutaka ulisikie kutoka kwao kabla hujalisikia kutoka kwangu. Koo la mama yako lilikuwa zima siku ile, mwanangu, na lako ni zima.

Nenda na baraka zangu zote.

Mimi baba yako,
Bugene